Jua la Asubuhi Ukutani kwa Mama

Mtoni, Temeke
Jumapili, baada ya misa

Kaka yangu Deo,

Shikamoo. Nakusalimu wewe kwanza, kabla ya mama na kabla ya watoto, na nakuomba barua hii uisome ukiwa umekaa kwenye cherehani yako, mlango umeurudishia. Anayekuletea ni dada Imakulata, yule anayechukua mitumba huku na kuiuza sokoni Mbinga. Nimemwambia akukabidhi mkononi, asimtume mtoto wala asimwachie mama. Mie huku nipo, nala na kulala, ingawa usingizi wa wiki hii si wa kuusifia. Sikio linaendeleaje? Usinijibu kwamba linaendelea vizuri. Najua unavyojibuga.

Utajiuliza kwa nini naandika kwa mkono wakati simu zipo. Simu ya nyumbani ni ya mama, na mama tangu aonyeshwe kitufe cha spika hajawahi kuiweka simu sikioni. Nikipiga ananisikia yeye, wifi Editha, watoto wako, jirani aliyekuja kuomba moto, na kuku. Simu yako wewe kioo kimekufa na unasema utakitengeneza baadaye, kama unavyosema kuhusu kila kitu chako. Ninalotaka kukuambia halifai kusikiwa na watu wote hao.

Wiki iliyopita mama alinipigia akiwa na furaha ambayo sijaisikia kwake tangu baba azikwe. Akaniambia, "Skola, siku hizi kaka yako anaota jua na watu." Alivyonisimulia, kila asubuhi mnakaa wote ukutani upande linapotokea jua, chai mkononi, maana baridi ya huko mwezi huu haina masihara. Na wewe umo. Umevua kofia, umefungua na kitambaa cha sikio ili jua lifike kwenye kidonda. Akasema kidonda kimekauka kwa juu, kwa hiyo dawa niliyowaambia inafanya kazi. Nikamuuliza dawa gani. Akashangaa mimi kumuuliza. Si ile ya wadudu wangu, akasema, wale wanaopona kwa mwanga.

Nilisikia watoto wanacheka nyuma yake. Sikutaka kumsahihisha mbele ya nyumba nzima, nikasema sawa mama, nikaaga. Kisha nikakaa kitandani na viatu vyangu. Habari ile ilitoka mdomoni mwangu kweli, lakini ilifika nusu. Mtandao ulikatika kabla sijasema nusu ya pili, na mama akaenda na aliyoipata. Sasa nataka uipate yote, tena polepole, maana wewe ndiye uliyenifundisha kusoma na hukunikimbiza.

Kazi ninayofanya huku kwenye maabara ya chuo ni hii. Tunafuga bakteria, vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, kwenye visahani vyenye chakula chao kilichoganda. Tunawamulika kwa taa ya mionzi, ile mionzi ambayo jua pia linayo na ndiyo inayokuunguza wewe. Wengi wanakufa. Wachache wanaobaki, baadhi yao wanakuwa wamegeuka. Tunajua wamegeuka kwa sababu tunawaweka kwenye sahani yenye dawa inayoua wenzao, na wao wanaota humo bila wasiwasi, na watoto wao vilevile. Mimi kazi yangu ni kuwahesabu hao waliogeuka na kutafuta ni kitu gani kinawaongeza na kipi kinawapunguza. Ndiyo shahada yangu hiyo. Mama anawaambia watu kanisani kwamba nasomea udaktari, mwache tu.

Kwa nini wanageuka? Nikueleze kifundi. Kila kiumbe kina uzi ndani yake, mrefu mno, na kwenye uzi huo kumepangwa maelekezo yote ya namna ya kukitengeneza. Ile mionzi ikipiga, inafanya sehemu mbili za uzi zilizo jirani zigandane. Fikiria mishono miwili iliyovutana ikafanya fundo. Kiumbe akitaka kuzaana lazima aunakili ule uzi, na akifika kwenye fundo anabahatisha. Akibahatisha vibaya, kosa linabaki, na halitoki tena.

Sasa sikia kilichotokea. Chumba chetu kina mapazia meusi mazito na taa za njano, na sheria ni kwamba ukishawamulika bakteria unafunika sahani kwa foili na kufanya kazi kwenye ile taa ya njano tu. Mimi nilidhani ni kwa ajili ya macho yetu. Siku moja nimemaliza kumulika, bado sijafunika, umeme ukakatika. Mzee Salum, mtunza maabara wetu, mtu mwema sana na mwenyeji wa hapa hapa Mtoni, akaingia akanikuta nimesimama gizani, akafanya ambacho mtu yeyote wa huku anafanya umeme ukikatika. Alifungua mapazia yote. Jua la mchana likaingia mezani kwangu. Nikamshukuru, nikaketi karibu na dirisha na sahani zangu tukisubiri umeme urudi, tukapiga soga kuhusu bei ya samaki.

Matokeo yalipotoka nilitaka kulia. Waliotakiwa kufa walikuwa wazima, tena wengi, na waliogeuka walikuwa wachache mno. Dokta, msimamizi wangu, aliniuliza kwa upole kama nina hakika niliwasha taa ya mionzi. Upole wake uliniumiza kuliko kufokewa. Nikarudia kazi yote, mapazia yamefungwa, na safari hii wakafa na kugeuka kama kawaida. Dokta akaniuliza siku ile ya kwanza kulikuwa na tofauti gani. Nikaitaja ile adha ya umeme, nikataja mapazia, na Dokta akacheka, jambo ambalo si la kila siku.

"Uliwapa mwanga," akasema. "Wakajitengeneza."

Ndipo nikajua sababu ya pazia. Hao bakteria wana fundi wao ndani, Kaka. Anakaa juu ya ule uzi, anatafuta mafundo. Lakini hana umeme nyumbani kwake, anashona kwa mwanga wa mchana tu, ule mwanga wa kawaida tunaoonea. Ukiwaweka gizani baada ya kuwaumiza, fundi anakaa na sindano mkononi hawezi kufanya kitu. Ukifungua dirisha, anafungua fundo moja baada ya jingine, na waliokuwa wafe wanapona, na waliokuwa wageuke wanabaki walivyokuwa. Jambo hili si ugunduzi wangu. Wenye kazi hii walilijua zamani, ni mimi tu niliyekuwa sijui nafunika nini. Mzee Salum alipoambiwa alisikitika kwa uharibifu wa kazi yangu. "Mie nilijua nakusaidia mwanangu, usije ukajikwaa," akasema, na tangu siku hiyo umeme ukikatika anakuja kusimama mlangoni ili mtu asiguse pazia.

Nilifurahi, nakiri. Katika kazi yote hii ya kuua na kuhesabu, hilo lilikuwa jambo la kwanza zuri nililoliona. Jioni ile ile nikampigia mama. Nikamwambia mwanga ule ule unaotoka juani unatengeneza kile kilichoharibiwa na mionzi ya jua. Nikamwambia fikiria mama, jua linaumiza na jua linaponya. Nilikuwa naendelea kusema "lakini kwa binadamu", na simu ikanyamaza. Nilipompata tena siku nyingine tukaongelea mbolea.

Nusu ya pili ni hii. Siku ile ile, kabla sijampigia mama, nilibaki maabara wenzangu wakaenda kula, nikamuuliza Dokta kama na mtu anaye huyo fundi. Akauliza nauliza kwa ajili ya nani. Nikamwambia nina kaka, ana ualbino, ana kidonda sikioni kisichopona. Dokta akaacha alichokuwa anafanya. Akaniambia ndege anaye, samaki anaye, hata chura anaye, ila sisi katika safari ndefu ya kuumbwa kwetu tulimpoteza njiani. Binadamu hana.

Chura anaye, Kaka. Nilitoka pale nimekasirika, sijui nimemkasirikia nani, nikatembea hadi nje nikasimama kwenye kivuli cha ukuta nikiwaza vyura wa bonde letu wanaopiga kelele bure tu mvua ikinyesha, eti wao wamepewa.

Sisi tunaye fundi mwingine. Huyo hahitaji mwanga, anafanya kazi usiku na mchana, lakini ni wa polepole, anakata kipande kizima cha uzi na kukishona upya. Watu weusi kama mimi tuna rangi ya ngozi inayozuia mionzi mingi isifike kwake, kwa hiyo anamudu. Ngozi yako haina kivuli hicho. Kila asubuhi unapokaa pale ukutani unamletea nguo zilizochanika kuliko anazoweza kushona, na ameanza kukosea zamani, nadhani kidonda chenyewe ndiyo makosa hayo. Kile kilichokauka juu ni ganda. Chini kinaendelea.

Kwa hiyo vaa kofia. Funga kitambaa. Ondoka pale ukutani.

Naacha hapa, dada Imakulata amenitumia ujumbe kwamba mzigo wake umekwama Kurasini na hasafiri mpaka Jumatano.


Jumanne, jioni

Kaka, nilidhani barua imekwisha. Jana wifi Editha alinipigia kwa simu ya mwalimu wa jirani, alikuwa ametoka nje ya nyumba ili aongee. Usimgombeze. Wiki iliyopita alishanitumia na picha ya sikio, kwa simu hiyo hiyo, na kwa hilo pia usimgombeze. Nilimwambia nakuandikia kukueleza kwamba jua si dawa. Akasema wewe mwenyewe unajua tangu mwanzo.

Alinirudia maneno yako, na nayaandika hapa ili uone nimeyasikia: "Skola hawezi kuniambia nikaanike kidonda juani, mtandao ulimkatikia tu. Lakini mwache mama afurahi, na mie niache nikae na watu."

Basi kurasa zote hizo nimekueleza kitu ulichokuwa nacho. Nilikasirika sana nilipokata simu. Nilikuita majina ambayo siwezi kuyaandika, baadhi kwa Kimatengo, hata mama mwenye nyumba wangu akaja kuuliza kama nagombana na mtu. Nikamwambia nagombana na kaka yangu. Akatazama chumba kizima akanikuta peke yangu, akarudi kwake.

Hasira ilipopungua kilichobaki ni jiko letu. Nakumbuka sista wa misheni alimwambia mama mtoto huyu asikae juani, na mama, ambaye hajui kufanya kitu nusunusu, akakuweka jikoni. Miezi ya baridi sisi wote tulikimbilia ukutani asubuhi, tumejipanga kama njiwa, tunasukumana na kucheka, na wewe uko ndani karibu na mafiga, macho mekundu kwa moshi. Ulikuwa ukipaza sauti kutuuliza tunacheka nini. Na tukikusimulia, kichekesho kilikuwa kimeshapita. Sikuwahi kufikiri kwamba hadi leo, mtu mzima, baba wa watoto, fundi anayeheshimika mji mzima, bado uko mle ndani unauliza tunacheka nini.

Kwa hiyo siwezi kukuambia tena habari za uzi na mafundo. Nakuambia kile nilichokuwa nakwepa.

Ile picha niliipeleka kwa daktari wa ngozi kabla sijaanza barua hii. Nilipanga foleni tangu asubuhi, nikamwonyesha. Kwanza alikataa kusema, akasema picha si mgonjwa, na ana haki. Nilimkalia pale mezani kwake kama deni. Mwisho akasema hawezi kuapa mpaka akate kipande kikapimwe, lakini anadhani ni saratani ya ngozi, na kwa ilivyokaa bado inaweza kukatwa, pamoja na sehemu ya sikio. Nikauliza ikingoja kazi yake iishe je? Akaniuliza kazi gani. Nikamweleza kwamba kaka yangu ni fundi, ana magauni ya wasichana wa kipaimara, baba askofu anakuja, na kaka hajawahi kumwangusha msichana hata mmoja kwa gauni. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akagusa shingo yake mwenyewe, hapa chini ya taya, akasema ikishafika hapa hata akija na gari la askofu hatakuwa na cha kumkatia.

Nimekuandikia kama alivyosema. Nimelia nilipoandika na utaona wino umetanda mahali fulani, ndiyo hapo.

Njoo, Kaka. Magauni mpe Editha amalizie, anajua pindo kuliko unavyokubali. Chumba changu ni kidogo na ukuta wake mmoja unapata joto la mabati ya jirani, lakini hakina dirisha linalopigwa na jua, nimeshahamishia kitanda upande huo. Mama mwenye nyumba amekubali, amesema mgonjwa si mgeni. Kwenye basi omba kiti cha ndani, si cha dirishani, na kofia usiivue hata wakikutania. Nitakusubiri stendi. Mzee Salum amesema atakuja nami, ana mwavuli mkubwa mweusi wa mazishi na anataka kukufunika nao tangu mlangoni mwa basi. Nilimwambia utaona aibu. Akasema aibu haijawahi kumtoboa mtu sikio.

Sikudanganyi kwamba ukija utapona. Dokta hakuniambia hivyo, daktari wa ngozi hakuniambia hivyo, na mimi ninayeshinda na vijidudu vinavyopona nikivifungulia pazia, sina pazia la kukufungulia wewe. Jana nilipotaka kufunika sahani zangu kwa foili nilisita, nikataka kuwaacha wazi, wapone tu hata wao. Kisha nikafunika.

Mama usimwambie yote. Ukimwambia kwamba jua lile lilikuwa linakuumiza, na yeye ndiye aliyekuwa anakutolea kigoda kila asubuhi, hatanyanyuka. Mwambie mdogo wako anakuhitaji Dar. Nimemwekea kikaratasi chake humu ndani ya bahasha, kina ombi moja: kuanzia sasa chai ya asubuhi inywewe jikoni, na watu wote, siyo ukutani. Nimemwambia ndivyo wataalamu wa huku wanavyosema. Ataamini, kwa kuwa naitwa msomi.

Nisalimie mama, umshike mikono kwa niaba yangu. Wifi Editha mwambie namshukuru kwa simu na kwa picha. Watoto waambie shangazi yao anawaletea kalamu za rangi, wakilala mapema. Mama mdogo Tekla, anayekuja kuomba moto kila siku wakati ana kiberiti, msalimie naye. Katekista Fidelis mwambie nimepokea salamu zake na sala zake nazihitaji safari hii kwa kweli.

Asubuhi mama akikutolea kigoda nje, kirudishe ndani. Kaa pale pale karibu na mafiga na uwaite waje. Kama hawatakuja kwa sababu ya moshi, kigoda cha pili kiache wazi, kisikaliwe na mtu wala kuwekwa sufuria. Ni changu. Nikija nawe baada ya hospitali, mimi na wewe tutakaa hapo ndani asubuhi nzima, na wao huko nje ndio watapaza sauti kutuuliza tunacheka nini.

Mdogo wako akupendaye, niliye na hasira na wewe bado,

Skolastika